Studio ya Kilimani: agenti anasema nitapewa cheti cha hisa, hati mama inabaki kwa kampuni. Ni sawa?

SWALI: Wakili salaam aleikum. Mimi ni muuguzi Malindi, nimeweka akiba na nataka kununua studio Nairobi, Kilimani, upande wa Yaya Centre, binti yangu akae akisoma alafu baadaye nipangishe. Ni mita mraba 28, ghorofa ya 6, milioni 3.4. Jengo lina kama miaka 8, anayeuza ni mtu binafsi. Agenti anasema nitapata lisi na cheti cha hisa cha kampuni ya jengo, na hati mama inakaa kwa kampuni, eti ndivyo maghorofa yote yalivyo. Anataka pia asilimia 10 kwenye akaunti yake ndo anishikie. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Huyo agenti hajasema uongo sana, ila anakupa habari za kabla ya 2020. Zamani hizo mjenzi akimaliza ghorofa anafungua kampuni, hati ya kiwanja chote (ndiyo hiyo hati mama) inaenda kwa hiyo kampuni, na kila mnunuzi anapewa lisi ya muda mrefu ya nyumba yake, yaani haki ya kuikalia kwa miaka iliyoandikwa, pamoja na hisa moja, basi. Watu wengi tu Nairobi wamenunua hivo na wanakaa kwao kwa amani. Shida ni kwamba nyingi ya hizo lisi zilibandikwa mchoro wa akitekti tu, hakuna sarveya aliyepima nyumba yenyewe ikaingia kwenye ramani za serikali, kwa hivyo ukiuliza kwenye rekodi za ardhi utaonyeshwa kiwanja na si chumba chako cha ghorofa ya 6.

Sasa ile sheria ya 2020 ya kumiliki sehemu za jengo, mawakili tunaiita Sectional kwa ufupi, ilianza kutumika mwisho wa Desemba mwaka huo na ikabadilisha mambo. Sarveya anachora plani ya jengo zima, kila nyumba na ghorofa yake na ukubwa wake na fungu lake kwenye sehemu za pamoja (ngazi, lifti, parking, tangi la maji), plani inapitishwa na kusajiliwa, hati mama inafungwa na kila nyumba inatolewa hati yake yenyewe kwa jina la mwenyewe. Majengo ya zamani yalipewa miaka 2 yageuze lisi zao ziwe hati za namna hiyo, na mpaka leo mengi bado yanasuasua, wenye nyumba wanavutana nani amlipe sarveya. Na tangu Mei 2021 wizara ya ardhi ilisema haisajili tena lisi mpya zenye mchoro wa akitekti. Kwa hivyo ukinunua kwenye jengo ambalo halijageuzwa unaweza kulipa pesa zote alafu uhamisho ukakwama ofisini huku muuzaji ashakula zake na simu hashiki.

Muulize muuzaji kwa maandishi, jengo limegeuzwa au bado? Kama limegeuzwa akutumie kopi ya hati ya hiyo nyumba, na wakili wako afanye sachi kwa Ardhisasa (mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, za Nairobi ziliwekwa hapo tangu 2021), aone jina la mwenyewe, kama kuna mkopo wa benki umekalia, kama kuna mtu ameweka zuio. Usikubali sachi ya kupigwa picha na agenti. Kama halijageuzwa si lazima ukimbie, manake sheria imeruhusu hata mwenye nyumba mmoja kuanzisha ombi la kugeuza kama mjenzi anajificha, ila hapo gharama na muda viwe juu ya muuzaji na vishuke kwenye bei, na mimi binafsi kwa milioni 3.4 ningesubiri amalize kwanza.

Angalia pia lisi ya kiwanja chenyewe imebaki miaka mingapi. Kilimani utakuta kiwanja cha lisi ya miaka 99 iliyoanza sabini na ngapi huko, sasa hesabu mwenyewe. Sheria inataka isiwe chini ya miaka 21 ndo jengo ligawanywe, benki zinataka zaidi ya hapo, na utakapouza wewe mnunuzi wako atauliza hilohilo.

Pesa: asilimia 10 yako, yaani 340,000, haiendi kwa agenti hata akikuapia. Inakaa kwa wakili, imeandikwa kwenye mkataba kwamba hairuhusiwi kuachiliwa mpaka uhamisho ukamilike, na kawaida mnapeana siku 90. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa bei hiyo ni 136,000, na mthamini wa serikali akiona nyumba ni ya zaidi unalipia hesabu yake. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni ya muuzaji, wengine wanajaribu kuisukumia kwa mnunuzi kimyakimya ndani ya mkataba kwa hivyo soma mpaka mwisho. Muuzaji akiwa ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake iwe imesainiwa.

Hukuniuliza sevis chaji, ile pesa ya kila mwezi ya kuendesha jengo, na hapo ndo studio zinawaliza watu, kwa sababu lifti na jenereta na askari havijali kwamba chumba chako ni kidogo. Tuseme ni 6,500 kwa mwezi, mwaka ni 78,000. Ukipangisha kwa 35,000 na nyumba ikae tupu mwezi mmoja tu, umepata 385,000, toa sevis chaji, toa kodi ya KRA ya asilimia 7.5 ambayo ni 28,875, unabaki na 278,125, na hapo hujapaka rangi wala kubadilisha kitasa. Si mbaya, lakini si zile hesabu za agenti. Na kama ulikuwa unafikiria wageni wa siku mbili mbili, soma kwanza sheria ndogo za jengo, kuna majengo Kilimani majirani wamechoka na makelele wanakataza kabisa.

Omba barua mbili kutoka kwa menejimenti, moja inasema nyumba haina deni la sevis chaji, nyingine inaonyesha akaunti ya akiba ya matengenezo ina kitu au ni tupu. Lifti ya miaka 8 ikifa na akaunti ni tupu mtachangishwa. Alafu mtume binti yako siku ya Ijumaa usiku asikie kelele za baa, na asubuhi mapema afungue bomba, amuulize askari kama maji ni ya kisima au wanaletewa na boza, askari huwa hawafichi. Apime na futi ndani ya kuta, maana hiyo 28 mara nyingi imehesabu mpaka balkoni.

Kwenye mkataba mwambie wakili aweke sentensi kwamba kama hati ya nyumba haijatoka kwa jina lako ndani ya muda mliokubaliana, unarudishiwa depositi yote na riba. Muuzaji akigoma hapo, tafuta nyumba nyingine, Kilimani studio hazijaisha.