Jibu: Kijana alifunzwa shambani bila cheti, kamati yaja Malindi

Salaam aleikum dada. Nimekuelewa: kijana wenu alipelekwa shule ya shamba afunzwe kilimo, akawa ashinda akipalilia na kuangua nazi, cheti hana. Sasa kamati ya bunge la kaunti yaja Malindi kuchunguza mafunzo ya vijana wasiojiweza, na mwataka asikizwe.

Kwanza kabisa ulizeni kama shule hiyo imesajiliwa na TVETA, mamlaka ya Kenya inayosimamia vyuo vya ufundi. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013 hairuhusu chuo kufundisha bila usajili, na swali hilo peke yake laweza kukata ubishi wote. Mpwa wangu alipofika mbele ya kamati kama hiyo, wanakamati walitega sikio pale alipotoa karatasi: barua ya kukubaliwa, risiti za karo, ratiba ya siku. Kama ratiba haikuandikwa, kijana aiandike mwenyewe: saa ngapi shambani, saa ngapi darasani, nani alimfunza nini. Uzito uko hapo. Malalamiko ya jumla huishia mstari mmoja kwenye ripoti.

Kusema ni haki yenu kwa Ibara ya 196 ya Katiba, si hisani ya mwakilishi wa wadi. Andikeni maelezo yenu kwa Kiswahili, nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Na kijana aseme mwenyewe, wewe keti kando yake.

Kama huko shambani alishika pia mabomba au umeme, mpelekeni NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani: wao hutahini hata waliojifunzia kazini. Upande wa kilimo sijaujaribu, lakini mafundi waliopata cheti kwa njia hiyo nawajua.