Umekataliwa hifadhi, sasa wanataka kukurudisha: maswali na majibu

Maswali ya mara hii yametoka kwa watu waliopewa jibu la "hapana" na kwa ndugu zao. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo barua uliyopewa, pamoja na tarehe zake, ionyeshe kwa wakili wa wakimbizi kabla ya kusaini chochote.

Ombi langu limekataliwa na rufaa nayo imeanguka. Je, sina tena kinga ya kutorudishwa?

Unayo. Kukataliwa kunaonyesha tu kwamba waliokusikiliza hawakuridhika kuwa wewe ni mkimbizi kwa vigezo vya Mkataba wa 1951 kuhusu wakimbizi, yaani kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Hakuthibitishi kwamba kwenu ni salama. Anayekimbia kisasi cha genge, au jela ambako mahabusu hupigwa, anaweza kukosa sifa za ukimbizi na bado ikawa ni haramu kumrudisha.

Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, ila inawaacha nje wanaohesabiwa kuwa tishio kwa usalama wa nchi. Ibara ya 3 ya Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984 haimwachi mtu yeyote nje. Kama kuna sababu za msingi za kuamini kwamba atateswa, harudishwi, hata akiwa mhalifu aliyehukumiwa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilishikilia msimamo huo huo mwaka 1996 katika kesi ya Chahal dhidi ya Uingereza. Barani Afrika, Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unapanua maana ya mkimbizi hadi kwa wanaokimbia uvamizi wa kigeni au machafuko makubwa, hata yakiwa katika sehemu moja tu ya nchi. Kama ulikimbia vita na barua yako inazungumzia maoni ya kisiasa peke yake, muulize wakili iwapo kigezo hicho cha pili kiliangaliwa kabisa.

Lakini kinga hii haijitekelezi yenyewe. Julai 2010 Uganda iliwapakia kwenye malori Wanyarwanda wapatao 1,700 kutoka makazi ya Nakivale na Kyaka, wengi wao waomba hifadhi waliokataliwa, na kuwavusha mpaka hadi Rwanda. Watu wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ililaani, lakini malori yalikuwa yameshaondoka. Hatari yako lazima isemwe kwa maandishi, mbele ya chombo chenye uwezo wa kusimamisha safari, kabla siku ya kuondolewa haijafika.

Nina siku ngapi za kukata rufaa, na je, nikikata rufaa safari inasimama?

Inategemea nani amekukataa. Kwa maombi yanayoamuliwa na UNHCR yenyewe, kawaida ni siku 30. Uingereza, kwa aliyeko ndani ya nchi, ni siku 14. Kwingine, hasa mashauri yanapopelekwa kwa njia ya haraka, zinaweza kuwa chache zaidi.

Siku hiyo hiyo barua inapokufikia, andika juu yake tarehe uliyoipokea na utunze bahasha yenye muhuri wa posta. Omba nakala kamili ya kumbukumbu za mahojiano yako. Muhtasari ulio ndani ya barua hautoshi. Ikiwa hoja bado hazijakamilika, wasilisha taarifa ya rufaa kwanza, kisha omba muda wa kuongeza hoja. Ukichelewa, omba kuongezewa muda na uambatishe uthibitisho wa sababu, kwa mfano cheti cha hospitali. Rufaa nyingi hufia kwenye anwani: mtu amehama, hakuiarifu ofisi, barua ikaenda kwenye chumba alichokiacha na siku zikahesabiwa.

Usidhani kwamba rufaa inazuia ndege. Pengine inazuia moja kwa moja, pengine haizuii hata kidogo, hasa kama ombi lako liliitwa lisilo na msingi wowote au kama hilo ni ombi la pili. Hapo unahitaji maombi mawili kwa pamoja: rufaa yenyewe na zuio la muda. Muulize wakili swali hilo moja kwa moja, naye akujibu kwa maandishi.

Walisema maelezo yangu yanapingana. Ushahidi gani mpya una uzito?

Anza na kumbukumbu za mahojiano, mstari kwa mstari, pamoja na mtu anayeijua lugha uliyoitumia. Migongano mingi huzaliwa kwa mkalimani. Msemaji wa Kiswahili akisema askari walikuja saa mbili usiku, mkalimani asiye makini huandika saa mbili ya hesabu ya kizungu, yaani saa nane za usiku kwetu. Katika mahojiano ya pili jambo hilo hilo linaandikwa sawasawa, na ofisa anaona uongo. Mwethiopia aliyetaja mwaka kwa kalenda ya kwao hupishana na kalenda ya kimataifa kwa miaka saba au minane. Makosa ya namna hii yaorodheshe kwenye hati ya kiapo: ukurasa, kilichoandikwa, ulichosema na chanzo cha tofauti. Kusema tu "mkalimani alikuwa mbaya" hakusaidii.

Kisha tafuta kinachokuhusu wewe. Ripoti kwamba nchi ina vita ni mandharinyuma, na maombi mengi huanguka kwa sababu yameishia hapo. Kinachohitajika ni kamba inayokufunga na hatari hiyo: hati ya kukamatwa, wito wa polisi, tangazo lenye jina lako, barua ya chama au kanisa inayoeleza kazi uliyofanya na tarehe zake, kiapo cha shahidi aliyeona, chenye nakala ya kitambulisho chake. Eleza pia kila hati ilikufikiaje, nani aliituma na lini, na tunza bahasha. Usinunue hati ya kughushi kamwe. Ikigundulika moja, hata zile za kweli hazitaaminika, na wengi wenye kesi nzuri wamezikosa haki zao kwa njia hiyo.

Kama uliteswa, omba uchunguzi wa daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999 uliohuishwa 2022. Daktari wa kawaida ataandika "makovu mgongoni". Aliyefunzwa itifaki hii hueleza kila kovu linaoana kwa kiasi gani na kisa ulichosimulia, na huchunguza akili pia. Hilo la pili lina thamani kubwa, kwa sababu kusahau tarehe na kuchanganya mfuatano wa matukio ni athari zinazojulikana za mateso. Jambo lililotumika kukuita mwongo linaweza kuwa dalili ya kilichokupata.

Yaliyotokea baada ya kuondoka nayo yana nafasi: mapinduzi, ndugu aliyekamatwa, maandamano uliyoonekana nje ya ubalozi. Hayo hufungua mlango wa ombi jipya, mradi uonyeshe kwa nini hayakuletwa mwanzo na kwamba wenye madaraka kwenu wanayajua au watayajua.

Wananitaka niende ubalozini nikachukue hati ya kusafiria. Je, ni hatari?

Kesi ikiwa bado hai, usiende kabla ya kuongea na wakili. Kama unaiogopa serikali yenyewe, kujipeleka ubalozini kunaweza kutumiwa kudai kwamba huiogopi. Uamuzi wa mwisho ukishatoka, serikali iliyokukataa kwa kawaida itawasiliana na ubalozi ili upewe hati ya dharura. Inaweza kutoa jina, uraia na alama za vidole. Haipaswi kuwaambia kwamba uliomba hifadhi, wala ulisema nini. Wakili aiandikie ofisi ya uhamiaji akitaka uthibitisho kwamba jalada lako halitafika huko. Taarifa hizo zikivuja, huo ni ushahidi mpya: weka tarehe, jina la ofisa na maswali uliyoulizwa.

Niko kizuizini, naambiwa nisaini fomu ya "kurudi kwa hiari".

Programu za kurudi kwa hiari, nyingi zikiendeshwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, hulipa tiketi na mara nyingine msaada wa kuanza maisha. Kwa asiye na hatari zinaweza kufaa kuliko kusindikizwa na askari. Ila kusaini mara nyingi huenda pamoja na kuondoa ombi au rufaa yako. Dai fomu isomwe kwa lugha unayoielewa, upewe nakala na muda wa kumpigia wakili. Kama umeshasaini kwa vitisho, andika mara moja kwamba umebatilisha ridhaa na ueleze ulivyotishwa.

Serikali ya kwetu imeandika kuahidi kwamba ndugu yetu hatateswa. Hiyo haitoshi?

Haitoshi peke yake. Desemba 2001 Sweden iliwarudisha Wamisri wawili kwa kutegemea ahadi kama hiyo. Mwaka 2005 Kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso iliamua kwamba Sweden ilivunja Ibara ya 3 kwa kumrudisha mmoja wao. Uliza nani atamtembelea, mara ngapi, kwa faragha au mbele ya askari, na nini kitafanyika ahadi ikivunjwa. Nchi inayotesa kwa siri haitashindwa kuandika barua.

Mahakama za nchi zimemaliza. Kuna pa kwenda tena?

Kuna Kamati dhidi ya Mateso iliyoko Geneva, kama nchi inayokurudisha imekubali Ibara ya 22 ya mkataba wake, inayoruhusu malalamiko ya mtu binafsi. Haitozi ada wala hailazimishi kuwa na wakili. Malalamiko hayapokelewi kwa Kiswahili. Andika kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Ukurasa wa kwanza ueleze tarehe ya safari na ombi la hatua za muda, yaani la kusimamisha safari, kisha matukio kwa mfuatano, hatua ulizopitia ndani ya nchi, na nakala za maamuzi yote. Anayekuandikia awe na idhini yenye saini yako. Isainiwe mapema, maana kizuizini karatasi hupita kwa shida.

Kwa nchi za Baraza la Ulaya, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, inaweza kuamuru safari isimame chini ya Kanuni ya 39. Ombi la barua pepe halishughulikiwi, na halifai kusubiri saa za mwisho. Chagua kwa makini, kwani Kamati ya Geneva haipokei shauri ambalo limeshachunguzwa na chombo kingine cha kimataifa. Afrika ipo Tume ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, humpokea mtu binafsi dhidi ya nchi iliyotoa tamko la kuruhusu hilo tu, na Tanzania ilitangaza kuliondoa lake mwaka 2019.

Kaka yetu ameshapandishwa ndege. Tufanye nini?

Kama bado mnaweza kuwasiliana naye kabla simu yake haijachukuliwa, awe na namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, dawa zake, na asibebe hata ukurasa mmoja wa jalada la hifadhi. Pangeni mtu wa kumpokea uwanjani, ikiwezekana wakili, na saa maalumu za kupiga simu. Saa hiyo ikipita kimya, anzeni na wakili aliyeko huko na mashirika ya haki za binadamu yanayokijua kituo cha polisi cha uwanja wa ndege. Msalaba Mwekundu nao hutafuta watu waliopotezana na familia. Ikiwa serikali inakana kumshikilia, Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Watu Waliotoweshwa kina utaratibu wa dharura kwa tukio lisilozidi miezi mitatu, na hakidai mpitie mahakama kwanza. Wapeni jina kamili, namba ya ndege, tarehe ya kutua, nguo alizovaa, na nani alimwona mara ya mwisho. Nakala ya taarifa hiyo apewe pia wakili wake wa zamani, kwa sababu wapo wengine kutoka nchi hiyo hiyo wanaosubiri zamu yao kizuizini, na kilichompata kaka yenu kinaweza kusimamisha safari zao.