Umechaguliwa kamati ya amani kanisani? Soma hii kabla ya kikao cha kwanza

Watu wananiuliza sana inbox, "Katibu, na sisi huku tumeunda kamati ya amani na haki, sasa tunaanzia wapi?" Jibu langu huwa ni lile lile, msianze na semina. Semina mtakula chapati mtapiga picha na banda litafungwa.

Mimi niko kwenye kamati kama hiyo huku mkoani Mara, kanisa la Mennonite, lile linalofundisha kukataa vita, na kilichonifungua macho ni kusoma jinsi wenzetu wa Marekani walivyoanza, maana hata wao hawakuanza vizuri hivyo. Vita ya kwanza ya dunia vijana wao waligoma kubeba bunduki wakatupwa ndani, na ndugu wawili wa Kihutteri, watu wa imani ya karibu na yetu, Joseph na Michael Hofer, wakafia gereza la jeshi la Fort Leavenworth mwaka 1918. Mwaka uliofuata, 1919, kanisa likawa na Kamati ya Matatizo ya Amani, na shida yake kubwa ilikuwa moja tu: vita ikija tena serikali ituachie watoto wetu. Mzee mmoja aliyeibeba hiyo kamati kwa miaka mingi ni Orie Miller, huyo huyo aliyekuja Tanganyika na Elam Stauffer mwaka 1934 kwenye ile safari iliyozaa misheni ya Shirati huku huku Mara, kwa hiyo asikwambie mtu hii ni stori ya Wazungu haituhusu.

Vita ya pili ilipokuja walau walikuwa wamejipanga. Kuanzia 1941 mpaka 1947 wanaume kama 12,000 waliokataa jeshi, Wamennonite wakiwa kundi kubwa kuliko yote, walipelekwa kambi za kazi wakapanda miti, wakazima moto wa misitu, wakahudumia wagonjwa wa akili kwenye hospitali ambazo hali yake ilikuwa ya kutisha, na mshahara hakuna, makanisa ndo yalibeba gharama. Safi sana. Ila baadaye wakahesabu vijana wao wote walioitwa na serikali, wakakuta walioenda kambini hawafiki nusu, wengine walivaa sare wakaenda zao jeshini. Sasa hapo ndo nawapendea, walihesabu na wakaandika, hawakuficha.

Na nyie hesabuni. Huku kwetu Jumapili kila mtu ni mtu wa amani, lakini ng'ombe wakiibwa usiku yowe likipigwa nenda kaangalie nani wameshika mishale, utakuta na kwaya imo. Kamati isiyojua hilo inahubiria ukuta.

Kitu cha pili, na hiki ndo kikubwa, msitenge amani na mambo ya hela. Wale wenzetu walitenga muda mrefu. Mwaka 1939 waliunda kamati nyingine kabisa ya mambo ya viwandani kwa sababu waumini walikuwa wanaacha mashamba wanaingia viwandani wanakutana na vyama vya wafanyakazi na migomo, wao hawataki kugoma kwa nguvu na hawataki kufukuzwa kazi, basi kamati ikawa inaongea na vyama, wakikubaliana ile ada ya muumini inaelekezwa kwenye msaada. Guy Hershberger, mwalimu wa chuo chao, ndo alikuwa injini ya hiyo kazi. Mwaka 1951 ikabadilishwa jina ikawa ya mahusiano ya kiuchumi na kijamii, 1955 kanisa likatoa tamko kuhusu ubaguzi wa rangi, na mwaka 1961 Vincent Harding, Mmennonite Mweusi, na mkewe Rosemarie wakahamia Atlanta, kusini mwa Marekani, kwenye moto wenyewe wa haki za Weusi, na huyo Vincent hakuwaonea aibu Wamennonite wenzake, kwamba unakataa vita halafu ubaguzi unaunyamazia. Hizo kamati mbili, ile ya 1919 na hii ya 1939, zikaja kuunganishwa 1965, amani na masuala ya jamii chini ya paa moja. Kutoka 1919 mpaka 1965 jamani! Nyie hamna haja ya kusubiri hivyo.

Kesi iliyotufundisha sisi ni ya mama mjane, shemeji zake waling'oa minyaa ya mpaka usiku wakaipanda upya ndani ya shamba lake la muhogo, hatua kadhaa hivi. Wazee walitaka tuwaombee wasameheane. Tukasema tutaomba, ila kwanza twende na futi kamba. Tulipofika mashina ya zamani yalikuwa bado yamo ardhini, yamekatwa juu juu tu na utomvu umekauka mweupe, shemeji mkubwa akaangalia pembeni akasema basi yaishe. Maombi yalifanyika baada ya minyaa kurudi mahali pake, na yalikuwa mafupi.

Mengine ni madogo. Andikeni muhtasari wa kila kikao, wote msaini, nakala moja ikae kwa mtu asiye kiongozi. Wanawake wawe wengi, si mmoja wa kuleta chai. Kesi ya jinai pelekeni polisi, mkimalizia kienyeji kesi ya mtoto kubakwa nyie si kamati, ni washirika wa mhalifu. Na yule mzee anayekopesha watu kwa riba pale sokoni msimpe uenyekiti, hata kama projekta ni ya kwake.