Usambara Mashariki: milima mifupi isiyotaka dharau

Watu wengi wa Tanga huiona milima hii kila wanapokwenda Muheza na hawajawahi kukanyaga juu yake. Wengine huenda siku moja, wakarudi jioni wamechoka kupita kiasi, magoti yanatetemeka na wameapa kutorudi. Kosa lao ni moja: wamesoma urefu wa mlima wakaudharau. Nilo, kilele kirefu kuliko vyote vya Usambara Mashariki, ni mita 1,500 na ushei. Mlinga, ule unaoonekana kwa mtu wa Muheza, unazidi 1,000 kidogo tu. Mtu akikumbuka kwamba Kilimanjaro ni 5,895, anaona haya ni matembezi ya kushusha chakula.

Lakini Kilimanjaro hupandwa kwa siku tano au sita, na geti la kuanzia liko juu penye ubaridi. Huku unaanzia chini kabisa, mita 200 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye joto la mwambao lenye unyevu ambalo jasho halikauki. Halafu unataka kumaliza yote kwa siku moja. Kinachomshinda mtu hapa ni joto, utelezi, msitu na saa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia milima ipi, maana neno "Usambara" huchanganya. Ziko safu mbili. Ya Magharibi ni ya Lushoto, Vuga na Mtae, na vilele vyake vinapita mita 2,200. Ya Mashariki ni ya Amani, Magoroto na Maramba, na iko kilomita 40 hivi tu kutoka baharini. Katikati yake kuna bonde la Lwengera, mto unaokwenda kuungana na Pangani pale Korogwe. Wapo waliopanga safari ya Amani wakapanda gari la Lushoto, wakajikuta upande usio wao. Ukiwa unatokea Tanga na una siku mbili tu, chagua Mashariki.

Umbo la milima hii lina maana kubwa kwa mpandaji. Haikutokana na volkano. Miamba yake iliiva kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ardhi ikapasuka na kipande kizima kikainuliwa. Ndiyo maana kingo zake zimesimama kama ukuta, na juu yake kuna uwanda wa vilima na vibonde kati ya mita 900 na 1,100. Kwa hiyo kazi ngumu iko mwanzoni, kwenye ukingo, wakati jua linazidi kupanda. Ukishafika juu, mwinuko unapungua lakini tatizo linageuka: msitu umefunga, huoni bahari wala bonde, na kila kilima kinafanana na mwenzake. Kwenye ukingo watu huishiwa nguvu, na kwenye uwanda wa juu ndiko wanakopotea.

Ukingo huo huo ndio unaoleta mvua. Upepo wa kusi unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga milima, unapanda, unapoa na kuumwaga. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata miezi inayoitwa mikavu haikosi manyunyu. Aprili na Mei usiende. Novemba pia ni ya kuepuka kwa sababu ya vuli. Januari na Februari njia huwa kavu zaidi, ila joto la chini ni kali na mara nyingi utusitusi huficha bahari. Sisi tunapendelea Septemba: kumepoa kiasi, udongo umeshika, na asubuhi safi unaweza kuiona bahari ukiwa kileleni. Juni hadi Agosti ni baridi nzuri ya kutembea, lakini ukungu unaweza kukaa juu hadi saa tano, na aliyekwenda kwa ajili ya mandhari atarudi hajaona kitu.

Kuhusu historia, swali la "nani alikuwa wa kwanza kufika kileleni" halina maana kubwa huku. Wasambaa na Wabondei waliishi juu na chini ya milima hii kabla Mzungu yeyote hajaichora, na njia tunazopita leo zilikuwa njia zao za kwenda mashambani, sokoni na kwenye matambiko. Kinachovutia ni jinsi wageni walivyoizunguka safu ya Mashariki badala ya kuipanda. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikwenda kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitokea Pangani mwaka 1857, wakapita Tongwe, mlima ulio kusini mwa Muheza wenye ngome ya Sultani wa Zanzibar, wakafuata bonde la mto, ndipo wakapanda kwenda Vuga. Makao ya mfalme yalikuwa safu ya Magharibi, na bondeni kulikuwa na maji na chakula, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kujipenyeza kwenye msitu wa Mashariki.

Hali ilianza kubadilika wamisionari wa Kianglikana walipoweka kituo Magila, ambayo leo tunaiita Msalabani, chini kabisa ya milima. Wapelelezi wa Kiskoti Joseph Thomson na Keith Johnston walifanya safari yao ya mazoezi huku mwanzoni mwa mwaka 1879, kabla ya kuelekea Ziwa Nyasa. Johnston alifariki Juni mwaka huo huo. Mwaka 1888 Hans Meyer na Oscar Baumann waliingia Usambara wakiwa na nia ya kufika Kilimanjaro, wakakutana na vita ya Abushiri, yaani watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, wakakamatwa na kuachiwa kwa fidia. Meyer alijaribu tena mwaka uliofuata akitokea Mombasa, na Oktoba 1889 akafika kilele cha Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller. Baumann alirudi Usambara mwaka 1890 kupima na kuchora. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896, na mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea Amani. Barabara ya magari unayopanda leo kutoka Zigi, penye geti la hifadhi, pamoja na miti ya kigeni utakayoiona pembeni, ni matokeo ya kituo hicho.

Historia hii ina faida ya moja kwa moja njiani, nayo ni majina. Ramani za zamani zina "Sigi", na "Fuga" ambayo ni Vuga. Mjerumani huandika S mbele ya irabu na kuitamka Z, kwa hiyo Sigi na Zigi ni mto ule ule, huo unaojaza bwawa la Mabayani na kutunywesha maji Tanga mjini. Ukimwuliza mzee njia ukitumia tahajia ya ramani, atakuelekeza kwingine kwa nia njema kabisa. Litamke jina, usilisome. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 bado ndizo bora kwa kuonyesha migongo na mabonde, ila vijia vingi vilivyochorwa humo vimeshamezwa na msitu au na mashamba ya chai.

Sasa safari yenyewe. Kutoka stendi ya Kange hadi Muheza ni lami na magari hayakosi. Muheza kwenda Amani ni kilomita zaidi ya 30, na ratiba ya gari ndiyo inayovuruga mipango ya wengi: mara nyingi gari la abiria hushuka kutoka mlimani alfajiri na kupanda mchana. Maana yake huwezi kwenda na kurudi siku moja kwa basi. Ama ulale juu, ama ukodi gari au bodaboda. Ulizia siku moja kabla, pale pale stendi ya Muheza. Ukiingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, tozo hulipwa getini Zigi kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla hujaondoka mjini. Mtandao wa bondeni unakatika. Kwa Mlinga na vilele vingine vilivyo nje ya hifadhi hiyo, pita kwanza ofisi ya kijiji, jiandikishe, na uombe mwongozaji. Zipo sehemu za tambiko ambazo hazipitwi ovyo, na mwenyeji ndiye anayejua. Elewaneni malipo yake kabla ya kuanza kutembea, pamoja na chakula chake.

Kukadiria muda, tumia hesabu hii: saa moja kwa kila kilomita 4, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, kisha ongeza nusu ya jumla kwa sababu ya joto na utelezi. Mfano, njia ya kilomita 8 yenye mwinuko wa mita 480: saa mbili za kutembea, dakika 48 za kupanda, jumla saa mbili na dakika 48. Ongeza nusu yake, unapata saa nne na dakika kumi na mbili. Hiyo ni kwenda tu. Kwa hiyo anza saa kumi na mbili asubuhi, sio saa tatu baada ya chai na mihogo. Jiwekee saa ya kugeuza, nasi tunashauri iwe saa nane mchana hata kama kilele unakiona kwa macho. Giza nje huingia saa kumi na mbili na nusu, lakini chini ya miti mikubwa linaingia nusu saa mapema. Tochi ya kichwani kila mtu awe nayo, maana tochi ya simu inamaliza chaji unayoihitaji kwa kupiga.

Maji: lita 3 kwa mtu mzima, na lita ya mwisho usiiguse kabla ya kugeuza. Maji matupu hayatoshi, kwa sababu jasho linatoka na chumvi. Beba pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kila moja kwa lita moja ya maji safi, na anza kunywa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Mwenzako akilalamika kichefuchefu na kizunguzungu, mkalishe kivulini, mlegeze nguo, inua miguu yake, mloweshe kwa kitambaa chenye maji na kumpepea. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hapo safari imekwisha: endeleeni kumpoza na mfikisheni hospitali haraka.

Viatu ndivyo vinavyotofautisha anayefurahia na anayeteseka. Udongo wa huku ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa unakuwa kama sabuni. Raba za mjini zenye soli bapa hazifai hata kidogo. Unataka soli yenye meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke lisigande. Gambuti wanazovaa wachuma chai zinashika vizuri kwenye matope, lakini mguu unacheza ndani, na kwenye mteremko mrefu zitakuchubua kisigino. Ukizitumia vaa soksi mbili nene. Shika fimbo ya urefu wa kifua. Wakati wa kushuka kaa upandeupande, magoti yamekunjwa kidogo, hatua fupi. Na usikanyage mizizi iliyolowa hata ikionekana kama ngazi nzuri. Mzizi uliomenyeka gome unateleza kuliko tope lenyewe, na wengi wanaoteguka kifundo huteguka hapo. Uruke.

Suruali ndefu ingiza ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu na kupe. Mkikuta siafu wamekatiza njia, pita mbio bila kusimama. Anayesimama kuwatazama ndiye wanayempanda. Upupu uko kwenye kingo za mashamba yaliyoachwa. Ukikugusa usijikune wala usipanguse kwa mkono, bandika plasta au utepe wa gundi ngozini na uubandue ili unyanyue vile vinyweleo, kisha osha kwa maji ya baridi. Kuhusu nyoka, kanuni ni kutoweka mkono mahali macho hayajafika. Nyoka wa miti mwenye vijipembe juu ya macho, anayepatikana Tanzania pekee, hukaa kwenye vichaka vya usawa wa kiuno, kwa hiyo usishike tawi kujivuta bila kuliangalia.

Mkipotea, usisikilize ushauri wa kufuata kijito hadi bondeni. Mahali pengine unaweza kusaidia, lakini hapa kijito kinatiririka taratibu juu ya uwanda na kufika ukingoni, kisha kinaporomoka kwenye maporomoko na majabali yasiyoshukika. Njia za wazee zilifuata migongo kwa sababu hiyo. Rudini mlikotoka hadi njia panda ya mwisho mnayoikumbuka. Ili muikumbuke, kila mnapofika njia panda geukeni nyuma na mtazame inavyoonekana wakati wa kurudi, kwani msitu huonekana tofauti ukiwa na uso upande wa pili.

Ua la Saintpaulia, lile dogo la zambarau lililopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire aliyelipeleka Ulaya miaka ya 1890, huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu karibu na vijito. Lipige picha, usiling'oe. Limebanwa kwenye vipande vichache vya msitu, na halistahimili jua la Tanga mjini hata ukilimwagilia kila siku.

Kwa wanaokuja na gari lao: kushuka kutoka Amani kwenda Zigi ni kona juu ya kona. Weka gia ya kwanza au ya pili tangu juu na uiache injini izuie gari. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, unasikia harufu, halafu kanyagio linazama. Likianza kuwa laini simama palipo sawa, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, na subiri nusu saa zipoe bila kuzimwagia maji.