Maswali ya majirani: «Kila Jumamosi magari ya harusi yananifungia lango»

*Salamu Mama,*

*Naishi Bel-Air, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Lupangu (kiwanja) ya pili kutoka kwangu, mwenyewe amejenga sale ya fete, yaani ukumbi wa sherehe: kuta za matofali, malata (mabati) juu, haina dari. Zamani ilikuwa Jumamosi tu. Sasa ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili: ndoa, mahari, sherehe za wanafunzi waliomaliza chuo kikuu, Unilu. Magari yanajipanga pande zote mbili za avenyu, na nafasi inayobaki ni mbele ya lango langu.*

*Mwezi uliopita binti yangu mwenye pumu alishikwa saa nne usiku. Gari langu liko ndani, na nje ya lango limesimama gari jeupe la mgeni, limefungwa. Nikakimbilia sale, nikamwomba DJ atangaze namba ya gari. Akaniambia ningoje maarusi wakate keki. Tulimbeba mtoto mikononi mpaka barabara kubwa, tukapata teksi. Alipona, Mungu asifiwe.*

*Tangu siku ile nimepanga mawe makubwa na vyuma viwili mbele ya lango. Jumamosi iliyopita mgeni alipasua tairi juu ya chuma. Mwenye sale anasema ataniletea konvokasio (wito) ya polisi, na majirani wengine wanasema nina wivu kwa kuwa yeye anapata pesa. Haki ni ya nani? Na muziki mpaka saa nane usiku, nifanye nini?*

*Baba Mapasa, Bel-Air*

Baba Mapasa, pole sana kwa mtoto. Mzazi aliyembeba mtoto anayekosa pumzi huku gari lake liko nyuma ya lango hawezi kuambiwa kwamba analalamika bure.

Hata hivyo nianze na mawe na vyuma, kwa sababu ndivyo vitakavyokuletea taabu haraka. Viondoe leo, kabla jua halijazama. Barabara ni ya watu wote hata pale inapopita mbele ya lango lako, na sheria ya barabara ya Kongo ya 1978 inakataza kuweka juu yake kitu cha kuzuia au kuhatarisha wapitao. Mwenye tairi naye ana njia ya kukudai: kifungu cha 258 cha sheria zetu za madeni na mikataba kinamtaka kila mtu alipe hasara aliyomletea mwenzake kwa kosa lake. Zungumza naye juu ya tairi hilo mapema, mbele ya shahidi, kabla halijawa kesi.

Sheria hiyohiyo ya barabara inakataza kuegesha gari mahali linapoziba njia ya kuingia katika lupangu ya mtu. Kwa hiyo yule wa gari jeupe alikuwa na kosa, na siku ile ungeweza kuita polisi wa barabarani. Andika kwenye lango, kwa rangi inayoonekana usiku, kwamba magari hutoka hapa. Malango mengi ya Bel-Air yamefungwa siku nzima, mgeni anayafikiri ni ukuta tu.

Sasa nikuambie ninaloliamini kabisa katika mambo haya. Nilikuwa shefu wa avenyu kule Katuba kwa miaka mingi, na sale ya fete tulikuwa nayo katikati yetu. Usipigane na wageni. Wageni wa Jumamosi hii si wale wa Jumamosi ijayo; ukiwafundisha hawa, wiki ijayo wanakuja wengine mia mbili wasiokujua. DJ naye amekodiwa. Mtu mmoja tu yuko pale kila wiki, naye ndiye anayepokea pesa: mwenye sale. Magari yanakuja kwa ajili ya biashara yake, kwa hiyo kuyapanga ni kazi yake, kama vile kuweka viti ni kazi yake.

Kwetu mambo yalitulia pale mwenye sale alipokubali kuweka sentineli (mlinzi) wa magari. Simsemi yule anayelinda mlango na kuangalia mialiko. Huyu alikuwa na kazi ya barabara peke yake, na alifika saa nane mchana, kabla ya gari la kwanza. Alifunga kamba kutoka mwembe mpaka mti wa umeme, kamba imening'inizwa vipande vya kitenge ili ionekane, na upande ule wa avenyu gari halikusimama hata moja. Mbele ya kila lango aliacha nafasi ya gari kupita na kugeuka. Halafu alikuwa na daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila dereva aliyeegesha, kabla hajaingia ndani, anaandika namba ya gari na namba ya simu yake. Mtu akihitaji kutoka, sentineli anapiga simu palepale. Hangojei keki wala DJ. Wageni hawakukasirika. Wengi walifurahi kwamba kuna mtu anaangalia gari lao.

Daftari hilo lingemtoa binti yako kwa dakika chache. Liombe kwa jina.

Ombeni na jambo la pili: mwenye sale aandike katika karatasi ya kukodi kwamba fete ikifunga malango ya majirani au ikipita saa iliyokubaliwa, sehemu ya garanti (pesa ya amana) hairudi. Familia yenye harusi ikijua hivyo, wajomba wenyewe watasimamia magari. Nimeyaona.

Kuhusu kelele, sale yenye malata bila dari inatoa sauti yote nje, na besi ndiyo mbaya zaidi. Sauti ya mwimbaji inapungua ikikutana na ukuta. Besi inapita ukutani na kutikisa dirisha lako. Kuna mambo anayoweza kuyafanya wiki hii bila gharama kubwa. Bafle (spika) zigeuzwe, zielekee mbali na nyumba zenu. Zisiwekwe karibu na milango iliyo wazi. Baada ya saa nne usiku DJ apunguze besi kwanza, hata kabla ya kupunguza sauti yote. Watu wataendelea kucheza, nawe utaweza kulala. Dari ni gharama, lakini mtu anayejaza sale siku tatu kwa wiki anaweza kuijenga kidogo kidogo. Na uangalie jenereta: umeme wa SNEL ukikatika, wengi wanaiwasha nyuma, palepale kwenye ukuta wa jirani. Ihamishwe upande wa barabara.

Ukitaka kujua kiasi cha kelele, kuna programu za simu zinazopima desibeli. Hazina uhakika wa mashine ya kitaalamu, lakini zinasaidia katika mazungumzo. Shirika la Afya Duniani, kwa ajili ya nchi za Ulaya, lilipendekeza mwaka 2009 kwamba kelele ya usiku nje ya nyumba isizidi wastani wa desibeli 40. Watu wawili wanaozungumza kawaida wanafika kama 60. Pima chumbani kwa watoto saa sita usiku, uandike tarehe na saa.

Namna ya kwenda kwake ina uzito kuliko maneno yenyewe. Usiende Jumamosi usiku. Mbele ya wageni wake hawezi kukubali kitu, ataona unamwaibisha. Nenda Jumanne au Jumatano, mchana, na majirani watatu au wanne, awemo mzee anayeheshimika na awemo mama mmoja. Wale wanaosema una wivu, usiwajibu. Waalike waje nanyi. Mwanzoni mwambie kwamba hamtaki sale ifungwe. Mimi pia sitaki ifungwe: wamama wanaopika pale wanalipa shule za watoto wao kwa kazi hiyo, na vijana wanaobeba viti pia wanakula. Kisha semeni mnayotaka: sentineli na daftari, upande mmoja wa avenyu, saa ya kupunguza besi, saa ya kuzima. Yaandikwe, muweke saini, nakala moja ibaki kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa).

Akikataa, andikeni barua kwa burugumesta (mkuu wa komini) wa Kampemba, wote mkiwa na saini, na msiondoke komini bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tajeni kwenye barua kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006, kinachompa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Usiku wenyewe wa kelele, iteni polisi wakati muziki bado unapiga. Wakija asubuhi hawakuti kitu. Mwisho kabisa kuna tribinali de pe (mahakama ya amani). Na konvokasio ikija kwako kwa ajili ya tairi, nenda mchana, na majirani wawili, na barua zako mkononi.

*Mama, nilienda harusi, niliporudi kwenye gari nikakuta matairi mawili hayana upepo. Wanasema ni watu wa nyumba niliyoegesha mbele yake. Nimdai nani?*
*Dereva, Ruashi*

Kama ulifunga lango lao, nenda ukaombe msamaha kwanza, kisha sema juu ya matairi. Kutoa upepo ni kosa, lakini ukianza na polisi watakuuliza gari lilisimama wapi.

*Mama, jirani yetu amefiwa na mume. Usiku wa tatu sasa wanaimba na bafle kubwa mpaka asubuhi. Nina mtoto mchanga. Ni dhambi kusema?*
*Mama wa komini ya Kenya, Lubumbashi*

Si dhambi, mwanangu, ila kilio hakishughulikiwi kama fete. Nenda mchana ukae nao, upeleke sukari au mfuko wa makaa kama bado hujapeleka. Usimguse mjane kwa neno hili hata kidogo. Mtafute kaka wa marehemu au mjomba anayepanga mambo ya kilio, umwite pembeni, umwambie una mtoto mchanga, na uombe kwamba baada ya saa sita usiku waimbe kwa midomo yao tu, bafle zizimwe. Ombi la namna hiyo, likitoka kwa mtu aliyekuja kulia nao, sijaona familia ikilikataa. Na usiku huo umlaze mtoto chumba cha upande wa pili wa nyumba.