Safari ya Hifadhi ya Nyerere: nifuate ukurasa upi?

SWALI: Mhariri, nakusudia kuwapeleka watoto Hifadhi ya Taifa ya Nyerere katika likizo fupi ya Aprili, kwa gari letu kutoka Mbagala. Kwenye intaneti ukurasa mmoja unaiita Selous na mwingine Nyerere, mmoja unataja kiingilio kwa dola na mwingine kwa shilingi, na wa tatu unasifu korongo la Stiegler's Gorge. Nifuate upi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, yawezekana walioandika kurasa hizo wote walisema kweli, kila mmoja kwa wakati wake, kwa hiyo anza kwa kutafuta tarehe. Mwaka 2019 eneo kubwa la Pori la Akiba la Selous lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na kuwekwa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), ilhali sehemu iliyobaki imeendelea kuwa pori la akiba. Ukurasa usiotaja mabadiliko hayo usiutegemee kwa viingilio wala taratibu. Korongo unaloliona likisifiwa ndipo lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, hivyo picha za zamani za mahali hapo hazikuonyeshi utakachokikuta.

Kuhusu kiingilio, viwango vya dola ni vya wageni wa nje, na Mtanzania hulipa kwa shilingi. Kiwango cha sasa kiulize TANAPA wenyewe, na ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Anayekutaka utume fedha kwenye namba yake binafsi ya simu mkatalie, hata kama ukurasa wake unapendeza.

Ramani ya simu nayo ihakiki. Ukiandika jina la hifadhi peke yake, alama inaweza kuangukia katikati ya pori, mbali na lango lolote. Andika lango: Mtemere, linalofikiwa kwa kupitia Kibiti na Mloka, ndilo linalokufaa wewe unayetoka Mbagala, Matambwe liko upande wa Kisaki, na wanaolifuata ni wale wanaopitia Morogoro.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni huo mwezi wa Aprili, maana ni kilele cha masika, na sifa nyingi utakazozisoma zimeandikwa na watu waliokwenda kiangazi. Aprili 2024 mafuriko yaliwakumba watu wa Rufiji na Kibiti, na ramani haiwezi kukueleza kama kipande cha Kibiti hadi Mloka kinapitika wiki hii. Kabla ya kutoa malipo ya awali, pigia simu nyumba ya wageni iliyoko Mloka penyewe, uulize gari la mwisho lilipita lini na lilikuwa la aina gani, kisha uulize kama kambi uliyoichagua inapokea wageni, kwa kuwa baadhi hufungwa masika. Wakisita kukujibu, omba nafasi ya Juni, watoto wanapokuwa kwenye likizo ndefu na barabara zimekauka.