Ukialikwa kusoma kitabu chako dukani, mgeni rasmi mwache kwake

Kuna jambo linalonigombanisha na waandishi wenzangu, na leo naliandika ili nisilirudie kwenye simu. Uzinduzi wa kitabu na kikao cha kusoma dukani ni shughuli mbili tofauti. Uzinduzi una ukumbi, mapambo, MC, meza kuu, na mgeni rasmi anayesubiriwa mpaka maji ya chupa yanaisha. Unasikiliza hotuba ya mchapishaji, hotuba ya familia, kisha utepe unakatwa na nakala ya kwanza inanadiwa. Sina neno, fedha ya mtu ni yake. Ila wengi wanarudi nyumbani bila kusikia hata sentensi moja ya kitabu chenyewe.

Duka la vitabu la mtaani linakupa kile ambacho ukumbi hauna, yaani watu waliokuja kusikia. Hapa Dar es Salaam tunazo sehemu kama Soma Book Café, Mikocheni, na duka la TPH (Tanzania Publishing House), Mtaa wa Samora, lenye jina la shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1966. Ukipata nafasi mahali pa namna hiyo, usiibebeshe protokali. Ukimwalika mheshimiwa, kikao kinageuka kuwa chake, na wewe unakuwa mtu wa kushukuru.

Panga siku kwa akili. Mwisho wa mwezi watu wana mshahara, lakini Jumamosi hizohizo zina harusi na sendoff, kwa hiyo ulizia mapema. Masika yanaweza kukufungia wasikilizaji majumbani. Mwezi wa Ramadhani usimwite mtu saa kumi na moja jioni. Siku za kawaida napenda saa kumi alasiri, kadi ikiwa imeandikwa saa tisa na nusu, ili mambo yaishe kabla ya adhana ya Magharibi na foleni isiwe kisingizio cha kila mtu.

Sasa kusoma kwenyewe. Dakika kumi zinatosha. Najua unafikiri ni chache. Weka simu ikuhesabie, soma kwa sauti nyumbani, utaona kurasa tatu nne zinavyokula muda. Usichague sura ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Chagua mahali ambapo watu wanazungumza, wanabishana, mmoja anaficha kitu. Sikio linashika mazungumzo haraka kuliko maelezo ya mandhari. Chapisha kipande hicho kwa herufi kubwa kwenye karatasi, ukate sentensi ndefu zinazokuishia pumzi, maana hakuna atakayekufuatisha kwa kalamu nyekundu. Kisha simama katikati ya tukio, pale ambapo msikilizaji anataka kujua kilichofuata. Hapo ndipo kitabu kinapouzika.

Mshairi ana deni kubwa zaidi. Shairi lenye mizani 16, yaani silabi 16, kila mshororo limetungwa kwa ajili ya sauti, na kulisoma kama taarifa ya habari ni kulionea. Kama huwezi kughani, mtafute anayeweza, akughanie beti chache, wewe ukae pembeni ueleze ulikotoka nalo. Pwani hii watu wa kughani hawajaisha.

Kipaza sauti katika chumba kidogo sikipendi. Tatizo ni feni. Ikiwaka inameza sauti, ikizimwa watu wanaloa jasho. Izime wakati wa kusoma tu, uiwashe wakati wa maswali.

Maswali nayo yana watu wake. Yuko atakayesimama na “swali langu lina vipengele vitatu”, na yuko aliyefundishwa fasihi kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, atakayetaka kujua dhamira kuu na falsafa ya mwandishi. Usimcheke huyu wa pili. Mjibu kwa kisa: ulimwona nani, ulisikia nini, hadi ukaandika. Wa kwanza ni kazi ya anayeongoza mazungumzo, ndiyo maana lazima awe ameshakisoma kitabu na awe na ujasiri wa kumkatiza mzee kwa adabu.

Mezani kwenye saini ndipo ninapoona uzembe mwingi. Majina yetu ni mtego: Yusufu, Yusuph, Yussuf, Aisha, Asha, Aysha, Godfrey na Jofrey. Mwombe kijana wa duka apite kwenye foleni na vipande vya karatasi, kila mtu aandike jina analotaka liwemo, akichomeke kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Wewe unanakili tu. Uliza pia kitabu ni cha nani, kwani wengi wananunulia mama, mchumba au mwalimu. Tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito. Zile za wino wa majimaji, na joto hili la Dar, zinaacha alama ya kiganja chako kabla ukurasa haujakauka.

Atakayekuja na nakala aliyonunua zamani kwingine, msainie bila kuuliza risiti. Na mwanafunzi akileta kitabu chako kilichotolewa kopi steshenari? Wapo wanaokasirika mbele za watu. Mimi nasaini, namwambia bei ya dukani, basi. Aliyehangaika kukitoa kopi chote ana kiu ya kusoma, na siku akipata kazi atanunua.

Fedha izungumzwe kabla ya siku yenyewe. Maduka madogo mengi yatachukua vitabu vyako kwa mali kauli: unaacha mzigo, unalipwa kwa vilivyouzwa. Sehemu ya duka mara nyingi inaangukia kati ya asilimia 30 na 40, na hiyo inalipa kodi ya pango, umeme na yule kijana wa karatasi. Andikeni idadi iliyopokelewa, siku ya malipo na hatima ya vitakavyobaki, wote wawili mtie saini. Bei iwe ya namba nzima, shilingi 15,000 badala ya 14,500, kwa kuwa chenji ya mia tano haipatikani jioni. Malipo yote yapite kwenye Lipa Namba ya duka. Mwandishi anayemwita mnunuzi nje na kumuuzia kutoka kwenye begi kwa bei ya chini hataalikwa tena, na mimi sitamtetea.

Nakala zilizobaki, muulize mwenye duka kama anataka uzisaini ziwekwe rafu ya mbele. Kama ni za mchapishaji, ngoja kwanza akubali, kwani kitabu chenye saini ni vigumu kurudishwa ghalani. Kisha hesabuni pamoja usiku uleule, kabla mjomba wako hajaondoka na mbili za zawadi.